Kiti cha Kinyozi Kituoni

Jumatatu, tarehe 3 Juni.
Mwanangu kaondoka giza, karudi giza. Kiwanda chao cha madirisha kiko mjini. Sisi tuko huku kwenye viwanja vipya, kila siku nyumba zinaota, kazi hamna hata ya kufukuza kuku. Leo mkewe kaniambia, kwa adabu lakini kaniambia, kwamba Jumamosi wanahamia chumba kimoja karibu na kiwanda. Mjukuu wangu anaenda nao. Sababu: jana mtoto alimwona baba yake mchana, akajificha nyuma ya miguu yangu. Alidhani mgeni.

Hawahami. Nimeshasema. Mimi nimenyoa mabwana harusi wa eneo hili lote kabla hizi nyumba hazijawa hata tofali. Nafungua duka la kinyozi hapa barazani, mwanangu atashika kiti cha pili. Kazi itamkuta kwake.

Jumanne, tarehe 4.
Nimefungua. Kiti safi, kioo safi, nami koti jeupe. Kichwa hakuna. Mtaa mzima mageti yamefungwa, wenyewe mjini. Aliyepita ni mlinzi wa nyumba ya ghorofa, naye kipara. Nikamwita hivyohivyo. Akaniuliza, mzee, utaninyoa nini, ngozi? Kijana hana adabu.

Mwanangu aliporudi akauliza wateja vipi. Nikamwambia siku ya kwanza ni ya kunoa wembe. Akasema haya Baba, ukinionyesha wateja kabla ya Jumamosi, nabaki. Kasema mwenyewe, mama yake shahidi.

Jumatano, tarehe 5.
Nimefikiri kiutu uzima. Vichwa haviko mtaani. Viko kituo cha basi alfajiri, tena vimejipanga foleni vyenyewe. Kesho nahamishia kiti huko. Mke wangu kasema wale wanasubiri basi. Nikamjibu watasubiri huku wananyolewa. Kaenda kuosha vyombo. Akiishiwa hoja huwa anaosha vyombo.

Alhamisi, tarehe 6.
Nilikiweka kiti mbele kabisa ya foleni. Anayeipanga foleni, yule tunayemwita Kamanda, akasema kila mtu aanzie nyuma, hata samani. Nikamwuliza babu yake alinyolewa na nani. Akanipisha.

Akakaa karani wa benki. Foleni yote macho kwangu. Mwanangu naye yumo, anacheka, sijui nilimwona lini mara ya mwisho anacheka. Mafundi wawili wakasema wanafuata. Nikajua nimeshinda.

Basi likafika nimemaliza upande mmoja. Basi la huku halingoji mtu, asiyepanda anabaki. Karani kachomoka na kitambaa changu shingoni, kichwa nusu msitu nusu uwanja. Watu wakasukumana, kiti kikaenda chini, nami juu yake. Mwanangu akatoka kwenye foleni kuja kuniinua. Basi likaondoka bila yeye.

Ijumaa, tarehe 7.
Kiwandani wamempa onyo la mwisho kwa kuchelewa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kasema tu, Baba, unaona kwa nini tunahama. Nikamwambia mwenye kosa ni dereva. Kaitikia ndiyo Baba, kaenda kufunga mizigo.

Jumamosi, tarehe 8.
Wamepakia godoro, meza, sufuria, beseni la mtoto. Mwenye gari anapiga honi. Mwanangu kaja kakaa kwenye kiti changu, kasema Baba, ninyoe. Nikamnyoa polepole. Ana mvi nyuma ya masikio, na mimi sikuwa na habari. Sikumwambia. Honi ikalia tena, nikamwambia atulie, bado. Nilikuwa nimeshamaliza.

Mkewe kasema karibuni sana kwetu. Mjukuu alinipungia mkono kutoka juu ya godoro mpaka kona.

Jumapili, tarehe 9.
Nyumba imepooza. Mke wangu ananiambia niache sasa, nipumzike. Wa kupumzika ni wazee.

Dawa nimeipata. Kazi zote ziko mjini, hilo halina ubishi. Kwa hiyo kesho naamka kabla ya Kamanda, nashika namba ya kwanza kwenye foleni, nakwenda mjini kumtafutia mwanangu kazi ya huku nyumbani. Na keshokutwa, na kila siku mpaka ipatikane. Mke wangu kaniangalia, kauliza nitakuwa narudi saa ngapi.

Nimemwambia asiningoje, awe anakula tu.