Kalenda ya Kanisa na Kichwa cha Mama Edinah

Jumatatu, 24 Novemba

Ushindi! Kamati ya kanisa imenipa kalenda ya mwaka ujao. Celestine, aliyeitengeneza miaka yote, apumzike. Mama Edinah, mwenyekiti wa akina mama na wa kamati, amesema nikiipatia itakuwa yangu daima. Picha za Celestine huwa ndogo kama za kitambulisho. Zangu zitajaza ukuta. Nimewapanga akina mama ukingo hadi ukingo, mwenyekiti juu kabisa.

Jumatano, 26 Novemba

Nimepeleka faili mjini Nakuru kwa Wachuka, mchapishaji. Akaitazama, akaguna. Ati karatasi huchapwa kubwa kisha hukatwa, na kisu huyumba kidogo. Kwa hivyo rangi ipite mstari wa kukatia, na vichwa vikae ndani, mbali nao. Nikamwambia sikuja shule. Halafu nikakumbuka: yeye na Celestine wanaimba kwaya moja. Njama! Wanataka picha zangu zipungue.

Alhamisi, 27 Novemba

Akili ni nywele. Wachuka anataka rangi ipite mstari? Nimeivuta picha nzima, imepita pande zote nne. Akasema hiyo ni nusu ya alichoniambia, na vichwa sasa viko nje ya mstari. Nikamwambia achape vile vile. Mteja ni mimi.

Jumapili, 30 Novemba

Kalenda ziligawiwa baada ya ibada. Mama Edinah akaikunjua yake mbele ya kanisa zima. Kuanzia nyusi kwenda juu, hakuna kitu.

Akaniuliza polepole, “Dalmas, kichwa yangu iko wapi?”

Nikamjibu kwamba tabasamu lote lipo. Akina mama hawakucheka. Celestine alicheka kwa niaba yao. Kalenda amerudishiwa yeye, na safari hii ndiyo daima. Nimeumia. Nilienda nyuma ya tangi la maji nikalia kidogo. Lakini kosa ni la kisu, na sitaomba msamaha kwa niaba ya chuma.

Jumanne, 2 Desemba

Mzee Kang'ethe wa Dundori amefariki, Mungu amrehemu. Familia yake haisali kwetu, kwa hivyo haijaona kalenda. Nimewahi kabla ya Celestine: programu ya mazishi ni yangu. Mzee atajaza jalada lote, ukingo hadi ukingo, na kofia yake. Wachuka ameanza tena hadithi ya mstari. Nimemwambia atulie, huyu hatauliza kichwa chake kiko wapi.