Kengele Yenye Mapezi

Jumatatu, 3 Juni

Bahati imenijia! Nikisafisha mfereji wa mpunga, jembe limefukua chuma. Kirefu kama mkono wangu, kinene katikati, na nyuma kina mapezi kama ya samaki. Nusu bado imo udongoni. Nimekigonga kidogo. Ngeee! Kengele kabisa. Kanisani kwetu tunaitwa kwenye misa kwa kugonga jante ya lori, ile duara ya chuma ya gurudumu, mali ya Basile, na kwa ajili ya jante hiyo anaongoza kamati na kutembea kama askofu. Jumapili hii ataona. Nimekifunika kwa majani.

Jumanne, 4 Juni

Nimemwambia mke wangu, Émérance, siri yangu. Kosa kubwa. Nilipofika kwenye mapezi aliacha kutwanga majani ya sombe. "Baba Alliance, ile haiko kengele, iko bombe! Miye siko mujane, na sitaki kuwa." Akanikataza shamba. Kesho anakwenda kwa chefu wa kijiji. Hana sikio la muziki.

Jumatano, 5 Juni

Nimemtangulia. Alfajiri nilikuwa kwa Toussaint wa pikipiki, anibebee kitu hadi kanisani. Toussaint amewahi kubeba makabati, mbuzi, hata bibi harusi pamoja na mama yake. Aliposikia mapezi aliwasha pikipiki, akaondoka bila kuaga, akatangazia Bwegera nzima. Asubuhi hiyohiyo chefu, aliyekwisha kuambiwa na Émérance, alifunga njia kwa matawi na kupiga ile nambari ya kutoa habari za mabomu iliyoandikwa ukutani kwa shule. Amri: hakuna kugusa, hakuna kusogea. Na mlinzi wa njia? Basile! Amepewa filimbi. Amenipulizia, nami nilikuwa napita tu.

Ijumaa, 7 Juni

Watu wa déminage, wale wategua mabomu, wamefika kutoka Uvira. Mkubwa wao ni mama mpole, Noella. Aliuliza nani alikiona kwanza. Nikatoa kifua. Akaenda peke yake, akakitazama, akarudi, akauliza nani alikipiga jembe, maana alama ipo. Nikarudisha kifua. Alisema ni bomu la vita vya zamani, bado zima, na pigo jingine lingeweza kutosha.

Niliketi kwenye matope na suruali yangu ya misa. Akilini nilimwona Basile kanisani na nyundo yake ya kugongea, Émérance kwenye benchi, watoto wa kwaya. Niliogopa sana. Nililia pia. Émérance alinishika kichwa, hakunicheka. Alicheka jioni.

Walitupeleka mbali, wakalilipua palepale. Milima iliitika! Niwe mkweli: sauti iliishinda jante.

Jumapili, 9 Juni

Mkatekista amemshukuru Émérance mbele ya wote. Mimi nimetajwa kama mume wake. Haidhuru, nimejifunza jambo kubwa. Noella alizungushia pale mawe yenye rangi nyekundu, na hakuna aliyethubutu kuyavuka. Nami mpunga wangu umeiva, na mbuzi wa Basile, pamoja na wachungaji wao, wanaujua vizuri. Nimepaka mawe rangi hiyohiyo na kuyapanga kuzunguka shamba. Shamba zima! Kazi safi.

Jumanne, 11 Juni

Wavunaji wamekataa kuingia. Nimeapa kwamba rangi ni yangu. Chefu amesema: "Weye tena! Nyamaza, tungoje Noella." Noella hawezi kuja kabla ya wiki ijayo, na mpunga unapukutika. Nilitaka kuingia niwaonyeshe, Émérance akanivuta shati. Tangu hapo hasemi nami, na hiyo ni mbaya kuliko kelele. Chakula cha watoto wetu kimesimama pale, tunakitazama kwa mbali.

Wanaoingia ni ndege tu. Makundi kwa makundi, wanakula bila wasiwasi. Nimefikiri mchana kutwa namna ya kuwafukuza. Nahitaji kitu chenye mlipuko mdogo tu.