Maboksi ya Bi. Pascoe

Warwick Doolan alikuwa fundi kompyuta wa mdomo zaidi kuliko mikono, na mji mzima wa Ballarat ulimjua isipokuwa wale aliokuwa hajawaliza bado. Alipoingia sebuleni kwa Bi. Noreen Pascoe, macho yake yaliiruka kompyuta yakatua rafuni. Hapo palipangwa michezo kumi na miwili ya kompyuta ya zamani, kila boksi na plastiki yake haijachanwa. Wakusanyaji wa michezo ya kale kule Melbourne wangetoana ngeu kwa boksi moja tu.

Mama akaeleza shida yake. Marehemu mumewe, Les, alijirekodi ndani ya mchezo wa treni akitangaza vituo. Sasa mchezo ulikuwa bubu, na treni ikianza tu kuondoka, unajifunga. Alitaka kumsikia Les tena, basi.

"Kazi ngumu hii, mama," Warwick alisema, akifuta jasho ambalo halijatoka. "Lakini sitaki hela yako. Nikiweza, nitakuondolea tu haya makorokoro ya rafuni."

"Ukiweza, mwanangu, yabebe yote."

Kwa mara ya kwanza maishani Warwick akafanya kazi. Alipunguza ubora wa sauti, mchezo ukajifunga. Akaudanganya kwamba uko ndani ya kompyuta ya miaka ishirini iliyopita, na kudanganya ndiko alikojaliwa; ukajifunga vilevile. Jioni ndipo alipogundua kwamba mchezo ule hauendi usipoona spika, na waya wa spika ulichomekwa kwenye tundu la maikrofoni. Akauhamisha. Treni ikaondoka, na sauti ya mzee ikatangaza kuwa kituo kinachofuata ni Ballan. Bi. Pascoe akalia. Warwick naye alikuwa karibu kulia, kwa sababu zake.

Mkusanyaji hachani plastiki, maana ukichana thamani imekwenda. Kwa hiyo Warwick alibeba maboksi bila kuchungulia, na aliyechana ni mnunuzi wa Melbourne, baada ya kutambua kwamba plastiki ile si ya kiwandani bali ni ya kufungia sandwichi, iliyobanwa kwa mashine ya kukaushia nywele. Ndani mlijaa magazeti ya zamani. Michezo yenyewe ilishachukuliwa zamani na wajukuu wa Bi. Pascoe.

Warwick alirudi Ballarat akifoka. Bi. Pascoe akafungua mlango, na nyuma yake Les alikuwa akitangaza kituo cha Bacchus Marsh.

"Kabla yako walikuja mafundi watatu," mama alisema. "Hao niliwaonyesha machozi yangu, wakakaa robo saa. Wewe nilikuonyesha maboksi, mwanangu, ukakaa kutwa."