Nguzo Isiyogusa Ardhi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, na naibu wako, na naibu wa naibu wako uliyekuja kwa niaba ya wote wawili. Mkurugenzi wa Shirika la Umeme, uliyewakilishwa na katibu muhtasi wako. Meneja wa Kampuni ya Simu, uliyetutumia salamu. Mhandisi Mkuu wa Mamlaka ya Maji, ambaye kiti chako kipo hapa mbele na kimefutwa vumbi tangu asubuhi. Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, na wajumbe wa Kamati ya Kuikagua Kamati ya Maandalizi. Viongozi wa dini mliokwisha kutuombea. Wazee wetu, mama zetu, vijana nguvu kazi ya taifa, waandishi wa habari wote wawili. Na kama yupo niliyemsahau, basi ajihesabu ametajwa mahali panapomfaa, itifaki izingatiwe. Mabibi na mabwana, hamjambo? (Hatujambo.) Sijasikia. Hamjambooo? (Hatujambo, ila jua linatuchoma!)

Jua ni kali kwa sababu mawingu yametupisha, na mawingu yametupisha kwa sababu tumejipanga. (Makofi kutoka viti vya mbele, vilivyo chini ya turubai.)

Nimesimama mbele yenu, mimi Naibu Mratibu Mkuu wa Kurugenzi ya Uratibu wa Miundombinu Inayosimama Wima, mtu ambaye nimehudhuria semina elekezi arobaini na moja, za ndani na za nje, na katika zote nikapewa cheti na begi, nimesimama, narudia, ili kuzindua rasmi, kwa mapana na marefu yake, Mpango Mkakati Jumuishi wa Nguzo Moja, mpango ambao stekholda wote wameuafiki, rodimapu yake imechorwa kwa rangi tano, na andiko dhana lake ni zito kiasi kwamba lilibebwa na wahudumu wawili kulipandisha ghorofani. (Makofi. Mtu mmoja nyuma: “Lifti ilikuwa haina umeme!”) Lifti ni suala la kurugenzi nyingine.

Ndugu zangu, tumetoka mbali. Kabla ya mpango huu, mambo yalikuwa shaghalabaghala. Kampuni ya Simu ilikuwa ikichimba shimo Jumatatu, Mamlaka ya Maji ikilifukia Jumanne ikidhani ni la kwake, na Shirika la Umeme likija Jumatano linalitafuta lile shimo liweke nguzo, halilioni, linachimba lingine katikati ya njia, na ninyi wananchi mnatumbukia humo bila hata kujua mmetumbukia katika shimo la nani ili mpeleke malalamiko panapohusika. (Kicheko.) Mimi nilipoingia ofisini nikasema hapana. Nikagonga meza. Meza ikavunjika, ikaagizwa nyingine. Nikasema kuanzia sasa ni nguzo moja, nyaya zote: umeme juu, simu katikati, taa ya barabarani pembeni, na bomba la maji linapita chini kwa adabu zake bila kumtikisa mtu.

Na tumetekeleza! Takwimu hazina upendeleo. Hadi kufikia robo hii, nguzo zilizosimikwa ni elfu nne mia tatu na kumi na mbili, sawa na asilimia tisini na saba nukta sita ya lengo, na zile zilizobaki nazo zimepanda kutoka asilimia mbili hadi asilimia mbili nukta nne, jambo ambalo wataalamu wanaliita ukuaji. Kwa mtaa huu peke yake ni nguzo mia mbili na kumi na nne. (Kinyozi, akiwa mlangoni kwake na mkasi mkononi, mteja kanyolewa nusu kichwa: “Ziko wapi?”) Ndugu yangu kinyozi, usizitafute kwa macho. Ukizitafuta kwa macho utachoka bure. Zitafute kwenye ripoti, ukurasa wa sitini, jedwali la tatu.

Na kwa wale wenye imani haba, geukeni mwone hii hapa nyuma yangu, yenye utepe. Tazameni ilivyonyooka! Imepigwa msasa, imepakwa rangi nyeupe hadi usawa wa kifua, na shinani mwake kuna vyungu sita vya maua. (Kinyozi: “Mbona haina hata waya?”) Nyaya ni awamu ya pili. (“Na vyungu vinaficha nini?”) Vyungu havifichi kitu, vyungu vinapendezesha. Naomba usalama ukae karibu na huyo kinyozi, ukae naye kirafiki tu.

(Mwanamke mmoja mwenye futi ya kupimia shingoni anasimama katikati ya watu: “Mheshimiwa, samahani, naomba kuuliza.”) Maswali mwisho, mama. (“Mwisho mtakuwa mmeshaondoka.”) Basi uliza, lakini liwe swali, lisiwe hotuba, maana hotuba moja inatosha.

(“Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu ni hicho hapo, na juu ya mlango wangu ndicho hicho kipande cha nguzo, kimening'inia kwenye nyaya kama nguo iliyosahaulika. Mama yangu mzazi ana mwaka wa pili hatembei. Kitanda chake kiko hapo hapo chini ya hicho kipande, nyuma ya cherehani, sina chumba kingine. Upepo ukivuma kinagonga bati, mama ananiambia, mwanangu, kamfungulie mgeni. Mvua ziko karibu, na moyo wangu hauna raha hata kidogo. Mimi sitaki nguzo moja wala mbili. Nataka hicho kishuke.”)

Mama, nimekusikia, na hoja yako ni nzito. (Kinyozi: “Kilo mia mbili!” Kicheko kirefu.) Ni nzito, na nitaijibu kitaalamu, kwa sababu kile mnachokiona pale juu si tatizo, bali ni matokeo ya uratibu uliofanikiwa. Tufuatane taratibu. Mamlaka ya Maji ilipitisha bomba hapa, ikachimba shinani mwa nguzo ya zamani, kwa kuwa ramani yake ya maji haioneshi nguzo. Nguzo ikainama. Shirika la Umeme likaja mbio, ndani ya miezi minane tu, likahamishia nyaya zake ng'ambo ya barabara, na kwa kuwa hati ya kazi ilisema nguzo iondolewe, mafundi wakapanda na msumeno. Walipofika katikati wakakuta nyaya za simu. Sasa angalieni nidhamu ya watumishi wetu! Hawakuzigusa, maana hawana kibali cha kugusa simu. Wakakata chini ya nyaya, wakabeba nusu ya chini, wakaandika “nguzo imeondolewa”, wakasaini, wakaondoka. Nusu ya juu ikabaki salama mikononi mwa nyaya za simu. Wangapi hapa wanaweza kukata nguzo kati na isianguke? (Mzee mmoja: “Wachawi!”)

Sasa, kiutaratibu, kile ni cha nani? Kampuni ya Simu inasema mali yake ni nyaya, mti si wake. Shirika la Umeme linasema mti usiobeba umeme si nguzo, ni mti. Mamlaka ya Maji inashughulika na vilivyomo ardhini, na kile hakigusi ardhi. Na mimi, ndugu zangu, ambaye ningependa sana kusaidia, nina kurugenzi ya miundombinu inayosimama wima. Kile hakisimami. Kinaning'inia. Siwezi kuvuka mipaka yangu, itakuwa uvunjaji wa utawala bora.

(Fundi cherehani: “Nimekwenda mara kumi na moja. Umeme wananituma Simu, Simu wananituma Maji, Maji wananirudisha Umeme!”) Umesema vizuri sana, mama, mpigieni makofi, maana huo sasa ndio uratibu wenyewe! Zamani ofisi moja ilikuwa haijui hata ofisi nyingine iko wapi. Leo kila ofisi inakuelekeza mpaka kwenye mlango wa mwenzake. (Viti vya mbele vinapiga makofi. Nyuma watu wanazomea.)

Lakini serikali sikivu haiishii kueleza. Kikosi kazi kiliketi, kikatazama jambo hili kwa upana wake, kikabaini kwamba kuishusha nguzo ile kunahitaji saini tatu, wakati kibanda kina mlango mmoja tu, hivyo kwa mtazamo wa tija na ufanisi, kinachopaswa kuhama ni kibanda. Mama, barua yako iko njiani. (“Nihamie wapi na mgonjwa?”) Mahali ni suala la Idara ya Mahali.

(Dereva wa lori lenye winchi, lililoegeshwa nyuma ya jukwaa, anachungulia dirishani: “Mheshimiwa, mbona winchi ninayo hapa? Simu washike nyaya zao, mimi nakishusha. Dakika tano tu, mama wa watu alale.” Vifijo. Watu wanaanza kulipisha lori njia.)

Tulieni! Tulieni, nasema! Dereva, zima gari. Hati yako ya safari imeandikwa kubeba nguzo iliyosimama, mtaa huu, saa sita kamili. Haikuandikwa kile. Ukikigusa wewe, kitakuwa cha kwako, na mimi sitaki kukuona mtu mzima na familia yako unamiliki nguzo usiyo na uwezo wa kuitunza. (Dereva: “Basi niandikie nyingine, kalamu si hiyo mfukoni?”) Kalamu hii ni ya uzinduzi. (Fundi cherehani: “Mheshimiwa, kikimwangukia mama yangu, hapo kitakuwa cha nani?”)

Swali hilo, mama, kwa kuwa ni la wakati ujao, tutalijibu wakati huo.

Nikikaribia kuhitimisha, naomba wote tusimame. Nikisema Nguzo Moja, mnasema Nyaya Zote. Nguzo Moja! (Viti vya mbele: Nyaya Zote!) Uratibu! (Viti vya mbele: Kwanza!) Wima! (Milele!) Naona huko nyuma hamuitikii, nadhani vipaza sauti havifiki.

Sasa shukrani. Nalishukuru kwa namna ya kipekee Shirika la Umeme kwa kutuazima nguzo hii nzuri kuanzia saa tatu hadi saa sita, na vyungu vyake. Namshukuru dereva wa winchi, ambaye sasa hivi ataing'oa kwa uangalifu, asikwaruze rangi, aiwahishe mtaa wa pili, ambako naibu mwenzangu anaizindua saa nane. Na kule itakuwa ni nguzo ya elfu nne mia tatu na kumi na tatu. Nawashukuru wachapaji, ambao walitutolea ripoti ya utekelezaji kabla hata mpango haujabuniwa, jambo lililotuokolea muda mwingi. Naishukuru Kamati ya Pamoja ya Umeme, Simu na Maji, ambayo, mara tu wajumbe wake watakapofahamiana, itaundwa. Na nawashukuru ninyi wananchi, kwa kuamini. Asanteni sana. Karibuni wale wenye kadi za mwaliko tupate soda. (Makofi ya mbele. Winchi inaanza kunguruma, nguzo inanyanyuka, haikuwa imezama ardhini hata kiganja.)

Haya, wamemaliza kupiga picha? Vizuri. Dereva wangu yuko wapi? Lete gari. Hapana, hapana, wewe! Usipite hapo mbele ya kibanda cha fundi, huna macho? Hukioni hicho kitu kilivyoning'inia vibaya? Kikituangukia hapo hatutoki wazima. Zunguka kwa nyuma, hata kama ni mbali, zunguka. Nini? Bado kimewashwa? Zimeni, zimeni hicho kitu...

(Kipaza sauti hakikuzimwa mapema. Maneno hayo yalisikika mtaa mzima, mpaka kitandani nyuma ya cherehani.)