Bata Bukini wa Bi Halina

Ofisi ya Udhibiti wa Machapisho ya Krakow iliutangazia umma kwamba, baada ya utafiti wa miaka minne, kazi ya fasihi si karatasi wala wino. Ni mifupa yenye mapengo. Anayetia nyama ni msomaji. Tamko lilipigwa mihuri mitatu.

Mwandishi wake, Ndugu Zdzisław Pękala, mdhibiti mkuu, hakulala kwa furaha. Zamani washairi walimponyoka kwa kusema, "Nionyeshe nilipoandika hivyo." Sasa angewanasa hata kwa wasichoandika.

Wa kwanza alikuwa Bi Halina Wrzosek, mkutubi, aliyeleta shairi la mistari saba: bata bukini mnene amekalia kiti cha mbele anakula kabichi, kuku wamepanga foleni. Akikutwa na hatia, kazi hana, na chumba cha maktaba anachoishi hana. Katibu wa Mkoa, Ndugu Gruszka, alikuja mwenyewe kusikiliza.

"Bata ni nani?" Pękala akauliza.

"Bata, ndugu yangu. Wa kufugwa."

"Usituchezee shere, mama! Shairi halisemi ni nani. Hilo ni pengo, na pengo ni sehemu ya kazi!"

"Haya. Na anayeliziba?"

"Msomaji! Ibara ya pili!"

"Wamelisoma wangapi?"

Pękala akahesabu kidole kimoja: chake. Shairi lilitoka mkobani mwa Halina likaingia mezani kwake, basi. Na kwa desturi ya ofisi, fomu haipokelewi mpaka mdhibiti ajaze safu ya "Amekusudiwa nani". Yeye aliijaza, kwa mwandiko mzuri.

"Hebu lete hiyo fomu," Katibu akasema. Akasoma kwa sauti: "'Bata: Ndugu Katibu wa Mkoa. Ushahidi: shingo.'" Akaipapasa yake. "Shingo?"

"Ndugu Katibu, mimi nilitekeleza tu..."

Katibu akalivuta shairi lenyewe, akalipitia. "Mimi nimesoma nikaona bata. Bata tu! Bi Halina, wewe?"

"Bata tu, Ndugu Katibu."

Pękala akahamishiwa shamba la serikali la bata bukini. Halina akarudi maktabani. Na Katibu, ili isionekane ameona kitu kingine, ikambidi aidhinishe shairi lichapwe gazetini.

Jumapili mji mzima ulilisoma kwenye foleni ya nyama. Kila aliyeulizwa aliapa ameona bata tu, huku akifuta machozi ya kicheko.

Ilikuwa Julai, joto kali. Jumatatu Katibu alikuja kazini amevaa skafu.