Mwalimu Mtani Asirudi Zuzu

Zuzu, Oktoba 1911

Bwana Kasisi,

Shikamoo. Ni mimi Yoramu, mzee wako wa kanisa, yule mfupi. Mwili mzima, ila roho imechafuka. Mwalimu Sila, uliyetuletea kutoka Ukaguru, yuko huko kwako misheni kwa mkutano wa walimu. Nakuomba kwa unyenyekevu mkubwa: mzuie huko huko.

Unajua Wakaguru na sisi Wagogo ni watani. Mtani akikutukana hukasiriki, akikunyang'anya kitu humshtaki. Basi huyu ameuingiza utani kanisani, na makosa yake ni haya:

1. Siku ya habari za Zakayo, aliwaambia watu wasihangaike kutazama juu ya mti, wachungulie tu chini ya benchi langu. Kanisa zima lilicheka, na aliyeanza ni mke wangu Hana. Kisha akasema Wagogo tunasitasita kwenda mbinguni kwa sababu hatujahakikishiwa malisho ya ng'ombe. Jamani! Wapagani waliokuwa dirishani wakaingia ndani kuuliza kama malisho yapo, na mpaka leo hawajatoka.

2. Alininyang'anya ule mwavuli ulionipa wewe, akasema ataurudisha nikipatana na jirani yangu Seth, ambaye tuna ugomvi wa fahali. Jua la Zuzu unalijua. Nilipatana naye kabla ya adhuhuri. Sasa nauliza, msamaha uliotolewa kwa kuungua utosi, Mungu anaupokea? Seth ananiletea maziwa kila asubuhi na siwezi kumkatalia.

3. Kwenye mazishi ya Bartolomayo, kabla maiti haijashushwa, Sila aliruka kaburini akalala. Akasema pana nafasi nzuri, hatoki mpaka apewe kuku. Alipopewa akainuka, akapaza sauti kwamba hivyo ndivyo wafu watakavyofufuka, ila bila kuku. Wafiwa walicheka machozi yakiwatoka, na sasa ukoo mzima wa marehemu, wenye kushika matambiko, unaomba kubatizwa. Zamani nilikaa peke yangu kwenye benchi nikanyoosha miguu. Siku hizi nabanwa na watu waliookoka vibaya.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mama yangu mzazi hajabatizwa, nawe unajua nilivyomlilia. Miaka yote namsomea habari za jehanamu kwa uso wa huzuni, kama ulivyonifundisha, naye hunijibu kwamba Mungu wangu anaonekana anaumwa jino. Mwezi uliopita Sila alipita mlangoni akamwambia, we bibi, umekauka hata fisi atakususa, njoo kanisani tukuloweke. Mama alicheka mpaka akaanguka kutoka kigodani. Nilidhani anakata roho. Alipoinuliwa akasema yuko tayari, wewe umbatize, lakini mtani wake asimame karibu akimtukana. Yaani mama yangu ataingia mbinguni anakenua mbele ya malaika! Mimi mwanawe nitauficha wapi uso wangu?

Kwa hiyo naomba ubatizo wa mama usimame mpaka ajifunze kulia, na tuletewe mwalimu mwenye huzuni. Hata elimu asiwe nayo, huzuni inatosha.

Barua hii anaileta Yahaya, mfanyabiashara wa Kondoa, anayepanda treni leo. Ni Mwislamu, lakini mwaminifu. Usimwulize habari za Sila, maana kila akipita huku Jumapili husimama nje ya kanisa akilalamika kwamba yeye hatukanwi.

Wasalimie walimu wote, mpishi wako Kefa, na punda wa misheni kama bado yu hai. Hana anakusalimu, ingawa amekataa kusikia barua hii ikisomwa.

Ndimi wako katika imani isiyo na mzaha,
Yoramu, Mzee wa Kanisa

Nyongeza: Yahaya alikwisha kujitwika mzigo, nimemkimbilia njiani nikaichukua tena barua. Mama ameshikwa na homa kali. Nimemwombea, nimemsomea zaburi, akageukia ukutani akasema nisimlize. Anamuulizia Sila tu. Nimejaribu kumtukana mwenyewe nikashindwa, nikaanza kulia, naye akaniambia nitoke. Naogopa, Bwana Kasisi. Tafadhali mpandishe Sila treni ya kwanza, nawe ufuatane naye uje umbatize mama yangu. Na umwambie aje na matusi mapya. Yale ya zamani mama ameyazoea.