Kivuli cha Saa Nne Kimepimwa Mara Mbili

Jamani wenzangu wa chuo, leo nimechekwa na darasa zima la sita, mkaguzi wa shule akiwemo. Hapa nilipo kichwa bado kinazunguka.

Nilikuwa na somo la grafu. Nikasimika kijiti cha mita moja uwanjani, kila saa wanafunzi wanatoka na tepu, wanapima kivuli, wanarudi kuweka nukta kwenye grafu. Asubuhi nzima nilipewa mimi, maana mkaguzi alikuwa anakuja na mwalimu mkuu alitaka aone "ufundishaji wa vitendo". Mimi ndiye kitendo chenyewe.

Saa mbili, sentimita 260. Saa tatu, 135. Saa nne, 79. Safi kabisa! Nilikuwa nimetega kengele za kila saa kwenye simu yangu mpya (ile ya kugusa, niliyowaringia wote).

Baadaye simu ikalia tena. Natazama: saa nne kamili.

"Saa nne! Tokeni mkapime!"

Atupele, binti mkimya wa dawati la mbele, akanyoosha mkono. "Mwalimu, saa nne tumeshapima."

"Simu inasema saa nne. Unabishana na simu?"

Wakapima. 43! Nikachanganyikiwa. Kivuli kimoja, saa ileile, vipimo viwili? Nikamgeukia Atupele, kwa sababu ndiye aliyeshika tepu mara ya kwanza.

"Hiyo 79 uliitoa wapi? Ulipima kivuli cha mnazi?" (Huku Tunduma hakuna mnazi, najua. Nilikuwa na hasira.)

"Mwalimu, wewe ndiye uliyeisoma."

"Futa!"

Akafuta. Machozi yanamlengalenga, na mimi nikajiona mwalimu makini.

Simu ikalia saa tano: 15. Ikalia saa sita: 11. Hapo mkaguzi akaingia, akasimama mbele ya grafu yetu ukutani. Mstari ulishuka vizuri, halafu pale ulipotakiwa kupunguza kasi ukaporomoka kama gari lililokatika breki.

"Mwalimu, hapa kati ya saa tatu na saa nne jua lilikimbia?"

Ningesema sijui, yangeisha. Lakini mimi nikajibu, kifua mbele: "Ni hali ya hewa ya ukanda wetu wa juu, mheshimiwa."

Akaandika kwenye daftari lake. Jamani, aliandika!

Kengele ya chakula ikagongwa. Nikakimbilia dirishani, nikamfokea mwalimu wa zamu mbele ya mgeni: "Wewe! Ndiyo kwanza saa sita! Unawatoa watoto mapema kwa ruhusa ya nani?"

Mkaguzi akatazama saa yake ya mkononi. "Mwalimu, ni saa saba."

"Hapana, mheshimiwa, tazama." Nikamwonyesha simu. Saa sita. Akatazama simu, akatazama saa yake, akanitazama mimi.

Atupele akanyoosha mkono, taratibu, kama anayeogopa kuchapwa. "Mwalimu, simu yako imeshika mtandao wa Zambia, wa pale Nakonde ng'ambo ya mpaka. Hata ya mama ikiwa dukani pale mpakani inafanya hivyohivyo. Inarudi nyuma saa nzima."

Mkaguzi akavua miwani. "Kwa hiyo watoto wanasoma Tunduma, mwalimu anafundisha Nakonde?"

Darasa likalipuka! Kuna aliyeanguka toka kwenye dawati. Mwalimu wa zamu alikuwa ameshafika mlangoni, anajifuta machozi.

Nikamwomba Atupele msamaha mbele ya wote. Akairudisha 79 yake, akasogeza zilizofuata saa moja mbele, na mstari ukatulia. Ila sasa saa sita ikawa 15 na saa saba ikawa 11! Siku zote nimewafundisha kivuli kifupi kabisa ni cha saa sita! Mkaguzi akaeleza kwamba sisi tuko magharibi ya nchi, jua linachelewa kutufikia utosini. Nikaitikia kwa kichwa kama niliyelijua hilo tangu tumboni. Akampa Atupele mkono, mimi akanipa pole.

Ofisini sasa hivi hakuna anayeniita jina. Wananisalimia Kibemba, lugha ya huko Zambia: "Mulishani, mwalimu!"

Naomba msicheke. Na mkishindwa kujizuia, chekeni, ila msinipigie kuniuliza ni saa ngapi.